Shajara ya mradi: Kizuizi cha taka kwenye mtaro unaomwaga baharini, Tanga

Mtaro wetu unapokea maji ya mvua ya mitaa mitatu na kuyamwaga baharini upande wa Sahare, katikati ya mikoko. Ikinyesha mvua ya saa moja, kila kilichoachwa barabarani, mbele ya duka au kando ya kizimba cha taka hufika pwani kabla maji hayajakauka. Wanaoteseka nacho ni wavuvi, na wao ndio wanaolaumiwa kwa uchafu wa ufukwe. Tunaandika shajara hii ili mtaa wowote wenye mtaro kama huu uweze kuiga, na usirudie kununua vile tulivyonunua vikaenda na maji.

28 Septemba 2024. Kuchambua taka kwanza

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Kwa kawaida watu hufagia, hurundika na kuchoma. Safari hii tuliomba jambo moja: taka zote zitakazozolewa kwenye mita mia za mwisho za mtaro zimwagwe juu ya turubai, zichambuliwe na kupimwa. Mizani tuliazimwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Moshi wa plastiki ni sumu kwa anayeuvuta, na majivu yake huishia kwenye mtaro uleule, kwa hiyo hatukuwasha moto.

Tulivyovipata: chupa za maji na soda, ndizo nyingi kwa idadi. Pampasi, ndizo nzito kuliko vyote. Maganda ya madafu. Vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani. Vipande vya nyavu. Mifuko ya mishikio haikuwa mingi, maana marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 imefanya kazi yake. Kilichochukua nafasi ni vile vifungashio laini visivyo na mishikio, ambavyo vilikusudiwa kufungia bidhaa na sasa vinabebea nyanya na dagaa.

Tulishuka hadi kwenye mikoko maji yalipokupwa. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza kwenye tope kama penseli zilizosimamishwa. Sehemu ya karibu na mdomo wa mtaro, vijiti vingi vilikuwa vimevikwa vifungashio, vingine viwili vitatu juu ya kimoja. Kijana mmoja alijaribu kuvua kimoja taratibu; plastiki ikakatika vipande vidogo mikononi mwake na nusu yake ikabaki topeni. Kile kilichobaki hakiokoteki tena. Ndiyo sababu tumeamua kuzikamata taka zikiwa bado nzima, juu, kabla hazijafika hapa.

Gharama ya siku: maji ya kunywa na sabuni, shilingi 9,000.

19 Oktoba 2024. Kizuizi cha kwanza: wavu wa kukatiza mtaro

Mzee mmoja wa pwani alitoa nyavu chakavu bure. Tukasimamisha nguzo nne za mvinje (boriti za mikoko hazikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na hata kingetolewa, isingekuwa sawa kukata mikoko ili kuilinda mikoko), tukatandaza wavu kutoka ukingo hadi ukingo, tukaukaza kwa kamba za katani.

Nguzo 20,000, kamba 12,000. Jumla 32,000.

Ruhusa tuliipata kwa mdomo kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa.

16 Novemba 2024. Wavu umekatwa

Mvua za vuli zilipokolea, wavu ulifanya kazi kwa muda mfupi sana. Majani ya mwarobaini na vifungashio vililala juu yake, matundu yakaziba, na wavu ukageuka ukuta. Maji yakapanda, yakavuka ukingo, yakaingia kwenye baraza la mama anayekaanga mihogo jirani na mtaro. Unga na mkaa wake vililowa. Usiku uleule mwanawe alishuka na panga akazikata kamba, na alifanya sawasawa. Taka zote za wiki nzima zikaenda baharini kwa mkupuo mmoja.

Tulikwenda kumpa pole na kumlipa unga wake, 18,000. Alitupokea vizuri, lakini neno lake tumeliandika kama lilivyo: "Wanangu, mmeziba njia ya maji halafu mmekwenda kulala. Nani alikuwa zamu?" Hakukuwa na zamu. Tulipanga nani atajenga, hatukupanga nani atazoa wala mvua ya usiku itamkuta nani.

Kwa anayetaka kuiga:

Usikatize mtaro wote kwa kitu chochote kinachoweza kuziba. Acha njia ya maji, chini au juu. Kizuizi kikijaa, ni afadhali taka zipite kuliko maji yaingie nyumbani kwa mtu. Mtu akishafurikiwa mara moja, hutampata tena kwenye mkutano.

Kamba ya katani, pamoja na kwamba ni zao letu hapa Tanga, inaoza upesi ikilowa na kukauka kila siku. Ifungie mizigo ya taka, usiitegemee majini.

14 Desemba 2024. Mwenyekiti mpya, ruhusa mpya

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba ulituletea mwenyekiti mwingine. Hana ubaya na mradi, ila hakuwa na taarifa yoyote, kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo. Tulianza upya. Safari hii jambo lilipelekwa kwenye mkutano wa wakazi, likaandikwa kwenye muhtasari, likapigwa mhuri, na nakala inakaa kwa mtendaji wa mtaa. Mwenyekiti huchaguliwa na kuondoka. Jalada la ofisi linabaki.

Afisa afya wa kata alihudhuria na akatusaidia kwa mambo mawili ya sheria ambayo kila kikundi cha pwani kinapaswa kuyajua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 6, inamtwika kila anayeishi Tanzania wajibu wa kuyatunza mazingira na kutoa taarifa kwa mamlaka juu ya jambo linaloweza kuyadhuru. Haisemi mvuvi, haisemi halmashauri; inasema kila mtu. Kifungu cha 57 nacho kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sisi tulikuwa tumepanga kujenga kizimba kidogo cha kuchambulia taka palepale kwenye mdomo wa mtaro. Mpango huo tumeufuta. Kizuizi kitakuwa cha kuondoleka, na uchambuzi utafanyika juu, nyuma ya ofisi ya mtaa.

Mkutano ulichukua saa nzima kwenye swali la nani mchafu. Wakazi wa juu ya mtaro walisema wavuvi, wavuvi walisema mama lishe, mama lishe walisema gereji. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa mwenzake. Ikakubaliwa kwamba kabla ya kunyoosheana vidole, tupime.

11 Januari 2025. Kizuizi cha pili: madumu yanayoelea

Madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri, yakapangwa mstari na kuunganishwa kwa kamba ya nailoni. Chini yake tumeshona sketi ya wavu yenye kina cha sentimita 30, yenye vipande vya nondo pindoni ili isipeperuke majini. Mstari haukatizi mtaro moja kwa moja; umelazwa mshazari, ili maji yenyewe yasukume taka hadi upande mmoja ambako mtu anasimama na reki. Maji yanapita chini ya sketi bila shida.

Madumu 14 kwa 3,000: 42,000. Mabomba mawili ya chuma ya mtumba kwa nguzo: 70,000. Saruji mifuko miwili: 32,000. Kamba: 18,000. Fundi wa kuchomelea: 25,000. Jumla 187,000.

Glavu ngumu na mabuti: 84,000. Hili lisisubiri. Tumekuta sindano kwenye taka.

3 Machi 2025. Bamvua

Mwezi wa Ramadhani uliandama na bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, likaja nao. Hapa Tanga bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, na mdomo wa mtaro wetu uko chini kiasi kwamba bahari huingia mtaroni kwa nyuma. Tulikuwa tumefunga mstari wa madumu kwenye nguzo kwa mafundo ya kukaza, kwa kipimo cha maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo. Bahari ilipojaa, nguzo zikayashikilia madumu chini, maji yakapita juu yake, na taka zilizokuwa zimekusanywa zikaelea zikarudi juu ya mtaro hadi kwenye kalavati. Maji yalipokupwa zikateremka tena, zikaruka madumu, zikaingia mikokoni.

Wavuvi wangetuambia mapema kama tungewauliza siku ya kufunga. Wao wanaijua kalenda ya maji kuliko yeyote kati yetu. Sasa kamati ina wavuvi wawili na hakuna kinachofungwa bila wao kuona.

Suluhisho limepatikana kwa fundi yuleyule: pete mbili za chuma, pana kuliko bomba, kila moja kwenye nguzo yake. Mstari wa madumu umefungwa kwenye pete, na pete zinapanda na kushuka kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Nguzo zimeongezwa urefu hadi alama ya juu kabisa ya bamvua, alama ambayo mvuvi mmoja alituonyesha kwenye shina la mkoko. Pete zipakwe grisi kila baada ya wiki mbili, la sivyo chumvi huzikwamisha. Bila malipo, fundi alisema hiyo ni swadaka yake ya mwezi.

12 Aprili 2025. Kupima taka zinaingilia wapi

Hiki ndicho kipimo kilichobadilisha mradi, na kilikuwa rahisi kuliko vyote. Masika yalipoanza tuliweka vipande vya wavu kwenye kila kalavati, vifupi, nusu ya kina cha maji, kwa mvua moja tu, kila kimoja na mtu wa kukilinda na kukiondoa maji yakizidi. Mvua ilipokatika, tukapima kilichonaswa kwenye kila kalavati.

Sehemu ya mama lishe, waliolaumiwa mkutano mzima, ilitoa kidogo sana: masizi, maganda ya vitunguu, mabaki ya chakula ambayo hata hivyo yanaoza. Gereji hazikutoa taka ngumu, ila maji yaliyopita hapo yalikuwa na utando wa rangi rangi juu. Rundo kubwa, kubwa kuliko mengine yote yakijumlishwa, lilikuwa chini kidogo ya kizimba cha taka cha mtaa. Yaani zile taka ambazo watu walizibeba kutoka nyumbani kwao, wakazipeleka mahali halali, wakarudi wakijua wametimiza wajibu.

Kizimba kiko hatua chache tu kutoka ukingoni mwa mtaro na hakina mlango. Lori la mzabuni wa kuzoa taka likichelewa, taka hufurika, mbuzi na kunguru huzitawanya, mvua humalizia.

Tulipomfuata mzabuni alituonyesha daftari lake: zaidi ya nusu ya kaya hazilipi ada ya taka. Tulipozifuata kaya, zikatujibu: tutalipaje na lori halionekani? Wote wawili wanasema kweli. Lori haliji kwa sababu hakuna mafuta ya kutosha, na fedha za mafuta hazipatikani kwa sababu lori haliji. Kati yao hakuna aliyetupa kitu mtaroni kwa mkono wake, na bahari inajaa plastiki.

26 Aprili 2025. Makubaliano ya kizimba

Siku ya usafi ikawa pia siku ya mkutano. Yaliyoandikwa kwenye muhtasari:

Mtaa unakihamisha kizimba upande wa pili wa barabara, mbali na mtaro, na kukiwekea mlango wa bati. Mabati na mbao zimetoka kwa wakazi wenyewe. Kazi tumefanya sisi.

Mzabuni anakuja siku mbili za wiki zinazojulikana. Kila safari inasainiwa na mjumbe wa serikali ya mtaa kwenye daftari linalokaa dukani, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kulisoma.

Kaya inalipa ada ya mwezi baada ya safari za mwezi huo kuonekana kwenye daftari. Kwa miezi miwili ya mwanzo mzabuni anatangulia. Alisita, na tunaelewa kwa nini. Alikubali wafanyabiashara wa barabarani waliposema wao watalipa mwanzo wa mwezi ili apate mafuta.

Wenye gereji wanakusanya oili chafu kwenye madumu. Tulikwisha kujaribu kuinasa majini kwa masalio ya nyuzi za katani yaliyofungwa kwenye wavu: yalifyonza oili kidogo na maji mengi, yakazama, na tukabaki na mzigo mchafu usio na pa kwenda. Oili ikishaingia majini hakuna kikundi cha mtaa kitakachoitoa. Ikikaa kwenye dumu ina mnunuzi: wachuuzi wa mbao huinunua kupaka dhidi ya mchwa. Gereji mbili zimeanza, moja bado inasema itaanza.

17 Mei 2025. Kichujio cha nondo kwenye kalavati la mwisho

Madumu hayakamati kinachozama au kuelea nusu. Kwa hiyo tumeongeza kichujio cha nondo za milimita 12 juu kidogo ya madumu, mahali ambapo mtaro una zege na upana wa sentimita 150. Kimelazwa nyuzi 45 dhidi ya mkondo: maji yanasukuma taka zipande juu ya nondo, na chini yake yanaendelea kupita. Juu tumeacha nafasi ya sentimita 30 hadi ukingo wa mtaro. Nafasi hiyo ni ahadi yetu kwa mama wa mihogo, na yeye mwenyewe alikuja kuipima kwa mkono wake kabla hatujafunga.

Nondo tatu 78,000. Engo mbili za fremu 64,000. Fundi 70,000. Rangi ya kuzuia kutu 15,000. Jumla 227,000.

Mwanzo nondo ziliachana sentimita 4. Katika mvua ya kwanza zilijaa majani hadi juu, na maganda ya madafu yalijibana katikati kiasi cha kuhitaji mtaimbo kuyatoa. Tulikata nondo moja baada ya kuruka moja, nafasi ikawa kama sentimita 9. Majani sasa yanapita, na chupa, pampasi na maganda ya madafu vinabaki. Nondo zilizokatwa zimetengenezwa reki mbili ndefu. Kwa anayeiga: anza na nafasi pana. Kupunguza nondo kulitugharimu siku nzima ya msumeno.

Wauza madafu watatu wa barabarani wameanza kuanika maganda nyuma ya ofisi ya mtaa. Yakikauka, mama lishe huyachukua kuwa kuni.

28 Juni 2025. Hali ilivyo

Masika yamekwisha bila nyumba yoyote kufurikiwa. Kichujio na madumu vinasafishwa kila asubuhi ya mvua na kila Jumatano hata kukiwa kikavu. Zamu zimegawanywa kwa sehemu za mtaro, kutoka kalavati hadi kalavati, na wa juu kabisa nao wanashuka kuzoa huku chini. Hilo lilipingwa mwanzoni, wa juu wakisema huku si kwao. Waliposhuka mara ya kwanza wakatambua mifuko ya unga wa duka lao wenyewe ikiwa imenasa kwenye nondo, hoja ile haikurudi.

Taka zinapandishwa kwa guta hadi nyuma ya ofisi, zinachambuliwa, chupa zinauzwa kwa kilo, zilizobaki zinaingia kizimbani. Guta linatugharimu 30,000 kwa mwezi. Chupa huingiza kati ya 8,000 na 15,000. Pengo linajazwa na wafanyabiashara na chama cha wavuvi, nusu kwa nusu. Mtu asidanganywe kwamba taka zitajilipia zenyewe, kwetu hazijajilipia.

Gharama yote ya vizuizi na vifaa hadi leo ni 530,000, bila kuhesabu nguvu za watu, mabati ya kizimba na unga tuliolipa.

Lori limekuja siku zake kwa Mei yote. Juni limekosa mara mbili, na daftari linaonyesha hivyo. Kaya zinazolipa zimeongezeka, ila bado si zote. Tunaendelea kusoma daftari hadharani kila mkutano, majina ya wasiolipa hayatajwi, tarehe za lori zinatajwa.

Kisichopata jibu ni pampasi. Zinafika nyingi kuliko mwanzo, labda kwa sababu sasa tunazinasa na kuziona. Hazina mnunuzi, hazichomeki vizuri, na wenye watoto wachanga wanaona haya kuziweka kizimbani mchana, kwa hiyo hutupwa usiku. Akina mama wameomba pipa lenye mfuniko karibu na nyumba, si karibu na barabara, na mzabuni amekubali kulichukua likiwa limefungwa. Tunatafuta mapipa mawili ya kuanzia.

Mtaa wa juu yetu umekuja kuchukua vipimo vya kichujio. Watakiweka kwenye kalavati lao la mwisho kabla ya vuli, kwa nafasi ya sentimita 9 tangu mwanzo. Reki moja tumewapa. Taka zitakazonaswa kwao zitabebwa na guta letu, na gharama ya guta itagawanywa kati ya mitaa miwili kuanzia Oktoba.